Mdogo wangu amenyimwa dhamana, wizi wa mabavu: niende Mahakama Kuu ya Garsen au nirudi kwa hakimu?

NahodhaMokowe
Asalaam aleikum. Mimi kazi yangu boti, Mokowe na Amu (mji wa Lamu), mambo ya korti siyajui. Mdogo wangu wa miaka 23 ameshtakiwa wizi wa mabavu. Wiki jana hakimu alimnyima dhamana. Mpelelezi aliapa kwamba mlalamishi na mashahidi wawili wako mtaa mmoja na sisi, na kijana akitoka atawatisha. Kesi itasikizwa miezi miwili ijayo. Mama hali, halali. Nje ya korti kuna mtu aniambia nitoe elfu thelathini "faili ifike Garsen". Rufaa ya dhamana ipo kweli, ama ni pesa za kutupa baharini?

KaraniMstaafu_Malindi
Waaleikum salaam, nahodha. Huyo wa elfu thelathini mkimbie. Nimekaa rejista ya korti miaka mingi, hao nawajua kwa viatu vyao.

Zamani wizi wa mabavu, mauaji na uhaini havikuwa na dhamana kabisa. Katiba ya 2010 imebadilisha. Ibara ya 49(1)(h) yasema mshtakiwa aachiliwe kwa masharti ya haki, ila pakiwa na sababu nzito, na mzigo wa kuzionyesha ni wa upande wa mashtaka. Ukubwa wa kosa peke yake hautoshi. Lakini kuingilia mashahidi ni sababu ambayo majaji huisikiliza sana, sikufichi.

Hakimu akikataa, Mahakama Kuu ina uwezo wa kuamuru mtu apewe dhamana, au iliyowekwa ipunguzwe: Kifungu 123(3) cha sheria ya mwenendo wa jinai. Pia yaweza kuitisha faili na kuangalia kama amri ilikuwa sawa, Kifungu 362. Faili za Lamu huenda Garsen. (Ingekuwa mauaji, mngeanzia Mahakama Kuu yenyewe, na mkikataliwa hapo ni Mahakama ya Rufaa.)

Sasa sikiza. Kabla ya yote, omba nakala ya uamuzi iliyogongwa muhuri. Isome. Nimeona familia zikija na kilio: kijana mwema, huswali, mama mgonjwa. Jaji hakuulizwa hayo! Hakimu amesema mashahidi ni majirani, basi mjibu hilo la majirani. Nakumbuka mama mmoja wa hapa Malindi, mwanawe alikataliwa kwa sababu hiyo hiyo. Alirudi na shangazi wa Mambrui aliyeapa kijana atakaa kwake, na barua ya chifu wa kule. Alipewa, kwa sharti la kuripoti polisi kila wiki na kutokanyaga mtaa wake wa zamani.

NahodhaMokowe
Ahsante mzee. Na kurudi kwa hakimu huyo huyo haifai?

KaraniMstaafu_Malindi
Yafaa kukiwa na jambo jipya. Mashahidi hao watatu wakishatoa ushahidi, hofu ya kuwatisha imepungua sana. Wakili ataomba upya siku hiyo hiyo. Ukirudi na maneno yale yale, utapata jibu lile lile.

MamaShela
Nahodha, pole. Mimi nilimdhamini mpwa wangu. Kilichotuchelewesha ni hati, si jaji. Nyumba yetu ni ya babu, hati hakuna, na nusu ya Amu ni hivyo hivyo. Mwisho alitudhamini mwalimu kwa hati ya mshahara. Tafuta mdhamini sasa, usingoje amri. Kama ni pesa taslimu, weka risiti pahali pema, kesi ikiisha zarudi.

NahodhaMokowe
Mjomba wetu yuko Witu, ana shamba lenye hati. Amekubali kijana akae kwake. Kesho nitamwambia wakili.

KaraniMstaafu_Malindi
Witu ni vizuri, ni mbali na mashahidi. Wakili aombe mahakama iagize ripoti ya probesheni. Afisa atafika kwa mjomba, atauliza majirani, na pengine atamuuliza mlalamishi pia, kwa hivyo asiende mtu wa familia kumwona mlalamishi "kumaliza kinyumbani" wakati huu. Hata kwa salamu. Hilo likiandikwa kwenye ripoti, la majirani limethibitika. Na mjomba aje na kitambulisho chenyewe, si kopi.