John Lomax alimwinua Lead Belly au alimnyonya?

Mtoa mada

Wakuu, salaam. Leo naomba tubishane kuhusu marehemu ambaye ugomvi wake haujazikwa: Huddie Ledbetter, Mmarekani mweusi anayejulikana zaidi kama Lead Belly.

Kwa wasiomfahamu: alizaliwa karibu na Mooringsport, Louisiana, mwishoni mwa miaka ya 1880. Alianza na kodiani, akaja kuhamia gitaa la nyuzi 12. Ujana wake aliupigia muziki kwenye mtaa wa madanguro mjini Shreveport, kisha akazurura Dallas na yule kipofu Blind Lemon Jefferson. Nyimbo za kazi, za kanisani, za wachunga ng'ombe, za watoto, bluzi, zote alikuwa nazo kichwani.

Tusimpake mafuta, mkono wake ulikuwa mwepesi kwa kisu pia. Mwaka 1918 alifungwa Texas kwa kuua. Akamwimbia gavana Pat Neff, na mwaka 1925 gavana akamsamehe. Mwaka 1930 akarudi ndani, safari hii gereza la Angola, Louisiana, na ndiko mzungu John Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za asili, na mwanawe Alan walikomkuta Julai 1933. Walikuwa wakizunguka magereza ya Kusini kukusanya nyimbo kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani.

Agosti 1934 akatoka. Septemba yuko na Lomax, anamwendeshea gari. Januari 1935 wako New York, na gazeti la Herald Tribune linamtangaza kuwa mwimbaji mtamu wa kwenye vinamasi aliyekuja kuimba kidogo kabla ya kurudi kwenye kuua. Wakawekeana mkataba: nusu ya mapato kwa Lomax kama meneja. Baadaye Alan akaongezwa, ikawa theluthi mbili kwa baba na mwana, theluthi moja kwa anayeimba. Kufika Machi walikuwa wamekwishagombana.

Hoja yangu ni hii. Kurekodi sina ugomvi nako, umeneja pia basi, tuuache. Nauliza kuhusu jina. "Goodnight, Irene" iliandikishwa kwa watunzi wawili, Ledbetter na Lomax. Lead Belly alifariki New York tarehe 6 Desemba 1949. Mwaka uliofuata kundi la The Weavers likaupiga wimbo huohuo, ukakaa namba moja Marekani kwa wiki 13. Nusu ya fungu la utunzi ikaenda upande wa mtu ambaye hakutunga. Nipeni sababu moja ya jina lile kuwepo pale.

Mzee wa santuri

Mtoa mada, unamhukumu mtu wa 1933 kwa macho ya leo. Lomax alikuwa na umri wa miaka sitini na ushee, mkewe amefariki, benki aliyofanyia kazi imeyumba, naye anabeba kwenye gari mtambo wa kurekodi kwa kukata santuri, wenye uzito wa zaidi ya kilo 100 kwenda kuwasikiliza wafungwa weusi ambao hakuna profesa aliyewaona kuwa na chochote. Bila safari ile Ledbetter angekufa akiwa namba ya mfungwa.

Tena mwaka 1939 alipokamatwa kwa kumchoma mtu kisu New York, aliyeacha masomo na kuhangaika kumtafutia pesa za wakili ni Alan Lomax. Huyo ndiye mnyonyaji?

Dada wa Kisumu

Mzee, shikamoo, lakini hapo kwenye uokoaji ngoja nikushike kidogo. Hadithi iliyouzwa ni kwamba wimbo aliomtungia gavana wa Louisiana, O. K. Allen, uliorekodiwa na Lomax na kupelekwa ofisini kwa gavana, ndio uliomfungulia mlango wa Angola. Wakuu wa gereza waliandika kwamba alitoka kwa utaratibu wa kawaida wa kupunguziwa kifungo kwa tabia njema. Hadithi ya wimbo ilibaki kwa sababu ilijaza kumbi.

Na ilijazaje? Mwaka huohuo 1935 ilipigwa filamu fupi ya habari, The March of Time, ambamo Ledbetter anaonekana na nguo za gerezani akimbembeleza Lomax amchukue awe mtumishi wake. Mtu huyu kwa hiari yake alikuwa mvaa suti na tai! Wakamvua, wakamvisha jela, wakamwambia aimbe.

Halafu pesa. Walipoachana, Lomax alimpa Martha, mke wa Ledbetter, fedha za mumewe kwa mafungu, kwa hoja kwamba mume akizishika zote atazinywa. Mtu mzima wa miaka arobaini na kitu anapewa jasho lake kidogo kidogo kupitia kwa mkewe, mpaka anaweka wakili. Hilo nalo ni jicho la leo? Ledbetter aliliona kosa siku ileile.

Mwanasheria

Mtoa mada ameomba sababu moja. Ninayo, ingawa haitampendeza.

Wimbo wa asili kisheria haukuwa na mwenyewe. Usipoandikishwa kwa jina la mtu, kampuni yoyote ya santuri inauchukua bure. Njia iliyokuwepo ilikuwa kuandikisha toleo fulani la wimbo huo, na wachapishaji walimtambua mkusanyaji kama mmoja wa walioliandaa. Kitabu cha nyimbo za Lead Belly kilitoka 1936 kwa mikono ya akina Lomax. Kwa hiyo pale liliposimama jina la Lomax, la Ledbetter nalo lilisimama. Wangapi wengine waliimba mbele ya mitambo miaka ile na leo hawana hata herufi?

Jambo la pili. Irene mwenyewe ni wa nani? Mwaka 1886 mtunzi mweusi Gussie Davis alichapisha wimbo wenye jina linalokaribiana sana na huo, na Ledbetter alisema amejifunza kwa mjomba wake. Kama kutotunga kunamwondoa Lomax kwenye karatasi, msumeno huo ukirudi nyuma hautamkuta Ledbetter?

Mpiga gitaa wa Lubumbashi

Mwanasheria kafungua shimo, wacha nichimbe zaidi. Mwishoni mwa 1934 Lomax na Ledbetter walifika shamba la magereza la Cummins, Arkansas. Kundi la wafungwa likiongozwa na Kelly Pace liliwaimbia "Rock Island Line". Ledbetter, aliyekwenda pale kama dereva na msaidizi wa mashine, aliuchukua, akautilia maneno ya kusimulia mwanzoni, akaufanya wake. Miaka ya hamsini Lonnie Donegan akaupiga Uingereza ukavuma, na vijana chungu nzima wakanunua magitaa. Wale wafungwa wa Cummins wako wapi katika hesabu hii?

Nasema haya na mimi nampenda mno. Mkono wake wa kulia ni kama wapiga gitaa wawili: dole gumba linatembea na besi huku vidole vingine vikijibu. Sisi huku tuna Mwenda Jean Bosco. Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya sasa, mwaka 1952. "Masanga" ikatoka, wapiga gitaa kutoka Katanga hadi Nairobi wakavunjika vidole kuiiga. Tracey naye alikuwa mzungu mwenye mashine na gari, tena ndani ya ukoloni. Lakini wimbo ulitembea kwa jina la Mwenda. Hilo nampa mtoa mada: iliwezekana.

Kijana wa Arusha

Mnamsema Lomax wakati sisi wenyewe "Malaika" imetushinda. Fadhili William alirekodi, wengine wanasema mtunzi ni Adam Salim, na wazee wakikaa hapo chai inapoa. Hakuna mzungu wa kumsingizia kwenye hilo.

Mtoa mada

Kijana, "Malaika" ni ugomvi wa nani alitunga. Wa Lomax hauko hivyo, maana hata yeye hakusimama popote akasema Irene aliutunga yeye.

Mpiga gitaa, hili la Kelly Pace limenibana, nalikubali kama lilivyo: wafungwa wale walidhulumiwa, na Ledbetter alifaidi. Ila tazama alichofanya. Aliingia ndani ya wimbo. Aliongeza hadithi, akabadili mwendo, akauweka kwenye nyuzi 12. Irene vilevile, alichokitoa hakikuwa tena cha 1886. Hiyo ni kazi ya utunzi hata kama mbegu ni ya mwingine, na haki ingekuwa kuwaongeza Pace na wenzake kwenye karatasi. Kumwongeza Lomax hakuwasaidii kitu. Lomax alifanya kazi nje ya wimbo: gari, mashine, kumbi, barua. Kazi hiyo ilipwe, na ililipwa, tena theluthi mbili. Kisha akarudi kuchukua na fungu la ndani.

Na desturi hii haikuishia kwake. Solomon Linda alirekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939, haki akaziuza kwa shilingi kumi. Santuri ile ilifika Marekani, Alan Lomax akampa Pete Seeger, mmoja wa The Weavers, kundi lao likaiimba, baadaye wengine wakaigeuza ikazunguka dunia. Linda alikufa maskini mwaka 1962. Watoto wake walisubiri hadi 2006 kufikia makubaliano ya malipo. Alan simlaumu kwa kumpa rafiki santuri. Nawalaumu walioandika majina.

Dada wa Kisumu

Mwanasheria, jibu kama mwanasheria. Ni 1935, Ledbetter ndiye mteja wako, mkataba uko mezani. Atie sahihi?

Mwanasheria

Ule wa nusu kwa nusu, ndiyo. Katoka jela juzi, nchi iko kwenye mdororo, hana kazi nyingine. Wa theluthi mbili, hapana. Na la kumweka meneja kwenye utunzi ningelikataa, hata kama lilikuwa la kawaida wakati ule.

Mtoa mada

Basi kabaki Mzee peke yake.

Mzee wa santuri

Nimebaki, na sihami. Kwenye magereza yaleyale ya Kusini walirekodiwa wafungwa wengi waliorudi shambani siku hiyohiyo, bila mkataba, bila nusu, bila theluthi. Sauti zao ziko kwenye ile Maktaba ya Bunge, Washington, mpaka leo na watu wanazitumia. Mtoa mada aache kwanza kumpigania aliyeandikwa, aniambie hao tuwalipe nani, na nani apewe kazi ya kuwatafuta wajukuu.