Kampuni gani za gemu unaziepuka, na kwa kosa gani? Ulinganisho kwa mnunuzi wa Nairobi

KadiNyekundu
Wasee, kila wiki kuna mtu humu anaapa "sinunui EA tena", halafu Septemba ikifika ndiye wa kwanza kuulizia FC mpya, gemu yao ya mpira. Leo tulinganishe vizuri. Sharti ni moja: usituambie kampuni ni mbaya, tuambie ilifanya nini, lini, na mtu aliye Umoja au Rongai linamuuma wapi. Tuseme mnunuzi ana PS4 au PS5 ya mtumba, au kompyuta ya ofisi iliyoongezwa kadi ya michoro. Intaneti ni Mbps 10, malipo ni M-Pesa.

Naanza. Namba moja naweka Ubisoft, kwa ajili ya The Crew, gemu ya mbio za magari. Ilitoka Desemba 2014, ikaondolewa madukani Desemba 2023, seva zikazimwa 31 Machi 2024. Ndani mlikuwa na hadithi nzima ya kucheza peke yako, lakini haikuwaka bila seva, kwa hiyo hata mwenye CD alibaki na kisahani cha kuwekea chai. Baadaye leseni zikaanza kuondolewa kwenye akaunti za watu. Hapo ndipo Ross Scott alipoanzisha kampeni ya Stop Killing Games, ambayo sahihi zake Ulaya zilipita milioni 1 mwaka 2025.

Namba mbili EA, kwa pakiti za Ultimate Team, zile unazolipia bila kujua utampata mchezaji gani. Namba tatu sijui, nisaidieni.

Fundi_wa_Luthuli
Ubisoft umeipatia, ila ongeza kwamba mwaka 2024 iliahidi njia ya kucheza bila mtandao kwa The Crew 2 na Motorfest. Ya kwanza haimo kwenye ahadi hiyo. Ukiuziwa CD yake mtaani, muuzaji hatakudanganya akisema haina mikwaruzo. Gemu ndiyo haipo.

Namba tatu yako ni Activision, na kwangu mimi ingekuwa namba moja. CD ya PS5 ya Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022 ilikuwa na MB 70 hivi tu. Kilichobaki chote unapakua. Sasa piga hesabu: Mbps 10 ni MB 1.25 kwa sekunde, kwa hiyo GB 100 ni sekunde 80,000, yaani saa 22, na hapo hakuna mtu mwingine nyumbani anayegusa YouTube. Kwa bando ya simu usithubutu. Watu hununua CD ili wasipakue, halafu wanauziwa ufunguo uliovaa sura ya CD.

Jinsi ya kujikinga ukiwa dukani:

Geuza kasha, soma maandishi madogo ya chini. Ukiona "Internet required" bila maelezo ya sehemu gani ya gemu inayohitaji mtandao, rudisha. Ukiona onyo la kupakua, angalia kama wametaja GB ngapi.

Kama muuzaji ana subira, mwambie afute gemu hiyo kwenye mashine yake, aingie Settings, Network, azime intaneti, aweke CD, aiache ijisakinishe, kisha aiwashe. Ikifika hadi kwenye mechi au sura ya kwanza, hiyo ni CD ya kweli. Kinachowapoteza watu ni kuruka hatua ya kufuta: mashine inatumia apdeti iliyokuwa ndani tayari, na jaribio linakuwa halina maana.

TatuBila_Kayole
Muuzaji gani wa Nairobi atakupa dakika 40 za kusakinisha CD ya mtumba, boss? Hata kuketi hutapewa kiti.

Fundi_wa_Luthuli
Ndiyo maana nimeanza na kusoma kasha.

MamaPedi
KadiNyekundu, ya EA umeipita mbio na ndiyo yenye mambo. Novemba 2017, Star Wars Battlefront II: kumfungua Darth Vader kulitaka krediti 60,000 za ndani ya gemu, na wachezaji walikadiria ni kama saa 40 za kucheza. EA ilipojitetea kwenye Reddit, jibu lake likapigiwa kura za kukataliwa zaidi ya 600,000. Wakashusha bei hiyo ya kumfungua kwa asilimia 75, kisha wakazima ununuzi wa pesa halisi gemu ikiwa ndiyo inatoka. Aprili 2018 Ubelgiji ikasema masanduku ya bahati (unalipia bila kujua kilichomo, kama pakiti) ni kamari kisheria, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza FIFA Points, pesa ya ndani ya gemu ya kununulia pakiti, nchini humo. Hapa kwetu pakiti zinauzwa kama kawaida.

Kwa mzazi, shida si bei ya gemu. Pakiti hazina mwisho, na timu uliyoijenga mwaka huu haikufuati kwenye toleo la mwaka ujao. Mkiacha kadi imehifadhiwa kwenye akaunti anayotumia mtoto, mmeacha kijiko ndani ya chungu. Fanyeni hivi: akaunti ya mtoto iwe chini ya akaunti ya mzazi, kwenye Family Management kikomo cha matumizi ya mwezi kiwe sifuri, na pesa ziingie kwa kadi ya zawadi yenye thamani ya kitu kimoja tu mnachonunua. Kadi ikiisha imeisha.

Lakini tutende haki. Kick Off (mechi moja moja) na Career (kuendesha timu msimu hadi msimu) za FC zinachezeka kwenye CD bila seva. Mwenye kibanda cha PS hana ugomvi wowote na EA, kwa sababu wateja wake wanalipia Kick Off na hakuna anayeulizia pakiti. Kampuni ni ile ile, hukumu ni mbili.

TatuBila_Kayole
Na mwenye kibanda hanunui FC mpya kila mwaka. Anabadilisha jezi kichwani.

KadiNyekundu
😂 Sawa. Kuna mtu anaepuka 2K?

MamaPedi
Kwa kununua mtumba, ndiyo. Seva za NBA 2K hufungwa miaka miwili na kitu baada ya gemu kutoka. Zikifungwa, MyTEAM (kujenga timu kwa kadi) na vyote vinavyoendeshwa kwa VC, pesa ya ndani ya gemu, ya mtandaoni vinakufa. Mechi za kawaida za watu wawili zinabaki. Kwa hiyo usilipe bei ya gemu kamili kwa 2K iliyobakiza miezi michache, na usinunue VC baada ya gemu inayofuata kutoka.

BiosiNaBati
Mnazungumza CD tu. Upande wa kompyuta mambo ni mengine kabisa, na hapo EA inarudi tena, safari hii kwa kinga yake dhidi ya wadanganyifu. Battlefield 6 ya 2025 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi wa kompyuta inapowaka). Zile Dell na HP za ofisi zinazouzwa mjini, nyingi zimewekewa Windows kwa mtindo wa zamani wa Legacy, na gemu inakataa kuwaka hata kama kadi ya michoro ina nguvu ya kutosha.

Kabla ya kununua, bonyeza Windows na R, andika msinfo32. Tazama "BIOS Mode" na "Secure Boot State". Ya kwanza ikisema UEFI (mtindo mpya) na ya pili On, uko sawa. Kisha andika tpm.msc uone toleo. Ukikuta 1.2, achana na gemu hiyo.

Ikisema Legacy, diski yako karibu hakika ni MBR, mpangilio wa zamani. Hifadhi faili zako kwanza. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikikubali, rudia ukiweka /convert badala ya /validate. Baada ya hapo ndipo uingie BIOS, F2 kwa Dell au F10 kwa HP, uzime Legacy, uchague UEFI, uwashe Secure Boot.

Panapoharibika ni patatu. Wengi hugeuza BIOS kwanza kabla ya kubadilisha diski, na Windows haiwaki. Ukirudisha Legacy inawaka, kwa hiyo usikimbilie kufomati. Pili, diski yenye vigawanyo vinne vya msingi hukataliwa na mbr2gpt, lazima kimoja kiondoke. Tatu, kadi ya michoro ya zamani isiyo na UEFI ndani yake: ukizima Legacy skrini inabaki nyeusi. Hiyo haina dawa ya BIOS, badilisha kadi.

Ubisoft, EA na wengine pia hukulazimisha akaunti ya pili hata ukinunua Steam, duka la gemu za kompyuta. Usibahatishe. Ukurasa wa gemu kwenye Steam una kisanduku upande wa kulia kinachotaja akaunti ya nje na kufuli ya nje. Ukiona Denuvo pale, yaani kufuli ya kuzuia wizi wa gemu, jua kompyuta lazima iingie mtandaoni kuthibitishwa, na kwa kawaida kuna kikomo cha kompyuta 5 kwa siku. Kwa mtu mmoja 5 zinatosha. Kinachouma ni intaneti kukatika siku ambayo gemu inataka kuthibitishwa upya.

Mswahili_wa_Pixel
Wote mmesahau Sony, na kwa Mkenya ndiyo kesi iliyo wazi zaidi. Ukifungua akaunti ya PSN, mtandao wa PlayStation, Kenya haimo kwenye orodha ya nchi za kuchagua. Watu wanachagua Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Mei 2024 Sony ikatangaza kwamba wachezaji wa gemu yake ya Helldivers 2 kwenye Steam lazima waunganishe PSN, na gemu ikaondolewa kuuzwa katika nchi zaidi ya 170 zisizo na PSN. Baada ya siku tatu na mvua ya maoni mabaya, ikaacha mpango huo. Ila sharti kuondoka hakukuirudisha gemu papo hapo kwenye maduka ya nchi hizo. Yaani kosa la The Crew lilikuja baada ya miaka tisa. Hili lilikuja miezi mitatu tu baada ya gemu kutoka.

KadiNyekundu
Hapo sikubali kuiweka Sony juu ya Ubisoft. Sony ilirudi nyuma, wenye The Crew ya kwanza hawakurudishiwa kitu cha kucheza.

Mswahili_wa_Pixel
Sikatai. Nasema tu tuipime kwa mahali tulipo. Mfaransa hakuguswa na hilo la PSN hata kidogo.

Na kuna kampuni ya kutoa kwenye orodha: CD Projekt. Cyberpunk 2077 ilitoka 10 Desemba 2020 ikiwa mbovu kwenye PS4 hadi Sony ikaiondoa dukani kwake wiki iliyofuata, ikarudi Juni 2021. Toleo 2.0 la Septemba 2023 liliibadilisha kabisa. Lakini angalieni: 2.0 haikuja PS4. Apdeti kubwa ya mwisho huko ilikuwa 1.6 ya 2022. Anayekuuzia CD ya PS4 kwa maneno "walishaitengeneza" anazungumzia gemu ya mashine nyingine. Ukiwa na PS4 iepuke, ukiwa na kompyuta inunue GOG, duka la gemu zisizo na kufuli: unapakua faili za kusakinishia mara moja, unazitupa kwenye diski ya nje, na hakuna seva ya kuomba ruhusa. Marejesho ni siku 30.

BiosiNaBati
Steam ni siku 14 na uwe umecheza chini ya saa 2. Tahadhari: saa huhesabiwa gemu ikiwa imewaka, hata kama bado inajipanga. Microsoft Flight Simulator ya 2020 ilipakua data yake ikiwa ndani ya gemu yenyewe. Kwa Mbps 10, saa 2 zinaisha hujaona uwanja wa ndege. Kwenye duka la PlayStation ukishaanza kupakua tu, haki ya marejesho imekwenda.

TatuBila_Kayole
Swali la mtu wa kawaida. Nina CD ya PS4 ya FC, akaunti yangu ni ya Marekani, nimenunua Points kwa kadi ya zawadi, hazionekani. Hiyo nayo ni dhambi ya EA?

Mswahili_wa_Pixel
Hapana kaka, hiyo ni eneo. Tazama alama ya umri kwenye kasha. Ikiwa ni namba ndani ya mraba, 3, 7, 12, 16 au 18, ni PEGI, CD ya Ulaya. Ikiwa ni herufi E, T au M, ni ya Marekani. CD yoyote inacheza kwenye mashine yoyote, ila nyongeza lazima zitoke duka la eneo moja na CD. Akaunti ya Uingereza au Afrika Kusini inaenda na PEGI. Kadi ya zawadi nayo iwe ya nchi ile ile ya akaunti: ya pauni haiingii akaunti ya randi.

TatuBila_Kayole
Yangu ina 3.

Mswahili_wa_Pixel
Basi hizo Points zimekaa duka la Marekani na CD yako ni ya Ulaya. Tafuta mtu mwenye CD ya herufi E ya toleo hilo hilo mbadilishane. Usifungue akaunti mpya kwanza, pesa yako iko kwenye hii.