Naomba ushauri: niendelee na utafiti wa kuipoza dunia au niuache?

Mwanafunzi_Arusha: Habari za jioni, ndugu zangu. Nasoma shahada ya uzamili hapa Arusha. Msimamizi wangu, mtaalamu wa fizikia ya angahewa, anataka nichunguze kwa modeli za kompyuta masika ya Kilimanjaro yatakuwaje iwapo mataifa yatatawanya salfa angani ili kuzuia sehemu ya mwanga wa jua, kama ilivyotokea volkano ya Pinatubo, kule Ufilipino, ilipolipuka mwaka 1991 na joto la dunia likashuka kwa takriban nusu digrii. Mwalimu mwingine, wa sayansi ya jamii, ananisihi niache, kwa kuwa anaamini kila andiko la namna hii huizoesha dunia jambo ambalo hakuna chombo kinachoweza kulisimamia kwa haki. Wote nawaheshimu. Nimsikilize nani?

Mzee_wa_Machame: Mwanangu, hoja ya huyo wa pili ni nzito, maana wakubwa wakianza kisha wakaacha ghafla, joto lililozuiwa litarudi kwa kasi. Ndiyo sababu barua ya wazi ya mwaka 2022, iliyoongozwa na Frank Biermann, mtaalamu wa utawala wa mazingira, na wenzake, ilidai makubaliano ya kutotumia teknolojia hii, na mawaziri wa mazingira wa Afrika wakaelekea huko huko walipokutana Addis Ababa mwaka 2023. Hata hivyo, isome barua yote: inapinga majaribio ya nje, hataza (haki za kumiliki uvumbuzi) na fedha za umma za kuiendeleza, lakini haikatazi utafiti wa tabianchi kwa ujumla. Modeli haitawanyi chochote. Endelea.

Binti_Kibosho: Shikamoo mzee. Naafiki, ila kwa sharti. Jaribio la Chuo Kikuu cha Harvard kuhusu teknolojia hii, lililopangwa kufanyika Kiruna, Uswidi, lilisitishwa mwaka 2021 baada ya Baraza la Wasaami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, kupinga, likisema halikushirikishwa. Baba yangu hupanda mahindi huku tambarare udongo ukiwa bado mkavu. Mvua ikinyesha kidogo kisha ikakatika, mbegu huota na kukauka, naye hulazimika kununua nyingine. Wastani wa mvua wa msimu mzima hauonyeshi hasara hiyo. Waulize wakulima kwanza wanahofia nini, ndipo uendeshe modeli, na umwombe mwalimu wa sayansi ya jamii awe msimamizi mwenza.

Mwanafunzi_Arusha: Ahsanteni sana. Nitawaomba walimu wote wawili tukae pamoja kabla sijawasilisha pendekezo. Dada, baba ataridhia nije kumhoji?