Naomba ushauri: orodha yangu ya filamu za mwaka inasomwa redioni Jumamosi. Ile ya mkiani niitoe au niiache?

Mwana_Wanale (mwenye uzi)
Habari zenu ndugu zangu. Niko Mbale, mashariki mwa Uganda. Mwaka huu wote nimekuwa mtu wa filamu, nyingine kwenye kibanda cha video, nyingine kwenye simu usiku, na kila nikimaliza moja naandika maoni mafupi kwenye stetasi yangu ya WhatsApp. Si uchambuzi wa wasomi, ni maneno ya mtu aliyelipa kiingilio. Watu wakazoea, wakawa wananiuliza tuangalie au tuache. Sasa mtangazaji wa redio moja ya hapa ameniomba orodha nzima, nzuri na mbaya, isomwe hewani Jumamosi jioni nikiwa studio.

Juu kabisa nimeweka Queen of Katwe. Najua ni ya 2016, lakini mimi nahesabu mwaka nilioiangalia. Nilipoirudia safari hii niliacha kumfuata Phiona na sataranji yake, nikamkazia macho mama, yaani Lupita. Nikaona filamu nyingine kabisa: mwanamke anayeogopa kwamba mwanawe akishaonja maisha ya nje, Katwe, mtaa wao wa kimaskini Kampala, haitamtosha tena, na hajui amzuie au amsukume.

Ya pili ni Mississippi Masala ya 1991. Wengi huizungumzia kwa sababu ya Denzel Washington. Kwangu mwenye filamu ni Jay, baba wa binti anayependwa na Denzel, yule mwanasheria Mhindi aliyezaliwa Uganda akafukuzwa na Amin 1972. Yuko Marekani lakini moyo wake uko kwenye kesi ya kudai nyumba aliyoiacha Uganda. Niliangalia mpaka mwisho nikakaa bila kuzima simu.

Mkiani kuna filamu ya vijana wa hukuhuku kwetu, ya magendo ya kahawa enzi za Amin. Nimesema ni mbaya na nimeeleza kwa nini. Sasa roho haitulii. Niiache au niitoe kimyakimya?

Mama_Pacha
Itoe, mwanangu. Vijana wa nyumbani wanajikusanyia senti wapate kamera, wewe unakwenda kuwaponda redioni? Mtoto wangu alianza kupiga picha za harusi, jirani mmoja akasema picha zina giza. Alikaa miezi hajashika kamera. Ulimi huo ungemsaidia nini?

Kibanda_Kisenyi
Nyabo, mimi nina kibanda hapa Kisenyi. La mkiani sina jibu, nina swali la huko juu. Hizo za kibandani, uliangalia filamu au ulimsikiliza VJ, yule anayetafsiri na kusimulia juu ya filamu?

Kwangu ubao uko mlangoni. Naandika kwa chaki jina la filamu na jina la VJ. Mteja haniulizi nani ameigiza, ananiuliza ni ya Jingo au ya Junior. VJ akiwa moto, filamu ya Kichina isiyo na kichwa wala miguu inajaza mabenchi mpaka watu wanasimama. Sasa ukisema redioni filamu fulani inachekesha, huenda umemsifu mtu aliyekaa Kampala na kipaza sauti, akitia utani wa Kiganda kwenye mdomo wa mwigizaji ambaye hakusema lolote la kuchekesha.

Chukua Who Killed Captain Alex? ya Wakaliga. Nabwana, mtengenezaji wake aliyekuwa akifyatua matofali, aliitoa 2010. Ile isiyo na VJ haipo tena, aliifuta kwenye kompyuta apate nafasi ya kazi nyingine. Iliyobaki duniani ni ile yenye sauti ya VJ Emmie. Ukiitolea maoni, Emmie utamweka wapi?

Mgeni_Mutukula
Kaka wa Kisenyi umenigusa. Sisi upande wa Tanzania tulikua na Lufufu, mtafsiri wetu wa filamu. Filamu za Kihindi nilizoziona utotoni mpaka leo nikizikuta bila sauti yake naona zimeibiwa kitu. Shemeji yangu hakubali, anasema mtafsiri anakuchagulia pa kucheka na pa kulia. Tumeshawahi kubishana mpaka ugali ukapoa.

Mwana_Wanale
Kaka, hilo nimelifikiria. Kila filamu ya kibandani kwenye orodha yangu ina jina la VJ pembeni, na kuna moja nimeandika wazi kwamba VJ ndiye aliyeiokoa. Zile mbili za juu niliziangalia kwa sauti zao zenyewe. Na hii ya mkiani haina VJ. Ni ya Kiswahili na Kigisu, nimeelewa kila neno. Naomba mnijibu nilichouliza.

Mzee_wa_Bombo
Wanangu, filamu zinazogusa enzi za Amin ndizo za kuangaliwa kwa makini kuliko zote. The Last King of Scotland, kwa mfano. Forest Whitaker alipewa Oscar 2007, na alistahili. Alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi ile, na sisi ambao Kiswahili kilikuwa lugha yetu ya jeshini tunajua uzito wa jambo hilo. Lakini yule daktari wa Scotland hakuwahi kuwepo, ni mtu wa riwaya ya Giles Foden. Nimekutana na vijana wasomi wanaoamini alikuwepo. Filamu ikiwa nzuri ndivyo inavyokuwa, uongo wake nao unasadikiwa.

Na magendo ya kahawa hayakuwa mchezo. Mwaka 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, bei ikapaa dunia nzima. Huku mkulima wetu alilipwa shilingi isiyonunua kitu. Ng'ambo, Chepkube upande wa Kenya, mnunuzi alitoa pesa mkononi. Kahawa ya Bugisu ikapanda mlima Elgon usiku, juu ya punda na juu ya vichwa vya watu. Aliyekamatwa angeweza kuuawa. Hao vijana wamelisema hilo?

Ustadhi_Jinja
Mwaka mzima wa filamu. Dada yangu, umesoma kitabu gani mwaka huo huo? Jicho litaulizwa lilitazama nini.

Jicho_Kali
Nimesoma uzi wote, kuna kitu hakijasemwa. Mtu huandika maoni mabaya ya filamu kila wiki na hulala vizuri. Hii moja ina nini? Aliyeitengeneza unamjua?

Mwana_Wanale
Namjua. Mbale si mji mkubwa, tunajuana.

Jicho_Kali
Ni nani kwako?

Mwana_Wanale
Ni mchumba wangu. Kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, ni Januari.

Chale_Busia
Weeee! Umetuzungusha na Lupita na Denzel kumbe bwana harusi ndiye yuko mkiani! Dada, ng'ombe wa mahari wasikie redio hiyo warudi nyumbani wenyewe.

Mama_Pacha
Sasa ndiyo nasema itoe mara mbili. Mume humpambi mbele za watu kwa matope. Mwambie chumbani, mwambie jikoni, si hewani. Mimi niko kwenye ndoa tangu Museveni hajafikisha miaka mitano madarakani, ninajua ninachosema.

Mwana_Wanale
Mama, nakuheshimu. Lakini orodha nimeshaituma kwa mtangazaji, naye ameshaanza kukitangaza kipindi. Na tangu niyaanze maoni haya sijawahi kumpunguzia mtu kwa sababu namjua. Filamu ya binamu yangu niliiweka katikati, palepale inapostahili, na binamu ananisalimia mpaka leo. Nikianza kuwaficha wa nyumbani, wale wanaoniuliza waangalie nini wataniamini kwa lipi? Yeye mwenyewe alikuwa akiniambia anapenda ninavyosema ukweli.

Kibanda_Kisenyi
Basi umeshaamua, unataka tukupigie makofi.

Boda_wa_Arua
Mke wangu ni fundi cherehani. Nilimwambia gauni la bibi harusi limekaa vibaya mabegani. Lilikuwa limekaa vibaya kweli, alikuja kulirekebisha. Lakini nililisema mbele ya wateja wake. Gauni halikumuudhi hata kidogo, kilichomuudhi ni wale wateja. Nilikula chakula cha hotelini siku nyingi, na hapa Arua kupika nyumbani ni nafuu kuliko kula hotelini. Ameiona orodha, huyo mchumba?

Mwana_Wanale
Bado.

Jicho_Kali
Ngoja. Hapa ndipo mimi nasimama. Filamu haina jina. Redio haina jina. Mwenye filamu ni mchumba, kwanjula mwezi ujao, kipindi Jumamosi, na "magendo enzi za Amin" imetajwa ili sote tuitamani. Mzee wa Bombo ameshaandika aya nzima ya kuipamba. Wakuu, hili ni tangazo. Kesho atakuja mtu wa tatu aseme "nimeiona, si mbaya hivyo," na kiungo cha kulipia chini yake. Mbinu hii si ngeni.

Mgeni_Mutukula
Nami nilianza kuhisi. Taja jina la filamu, dada, tumalize.

Chale_Busia
Kama ni tangazo nimelinunua. Inaonyeshwa wapi?

Kibanda_Kisenyi
Tangazo gani halina jina la bidhaa? Mimi nauza viingilio kila siku, najua kutangaza. Ila na mimi nataka kujua, kwa nini mbaya? Tumejibu kurasa nzima na hajatuambia kasoro hata moja. Picha? Sauti? Mabati yanapigwa na mvua mpaka maneno hayasikiki? Kasoro hizo zipo hata kwenye filamu nilizozipenda.

Mwana_Wanale
Jina sitalitaja, kwa sababu nikilitaja mtamjua yeye, na watu wa kwao watajua kabla yake. Mkiona ni uongo, basi.

Kasoro nitaisema. Picha ni nzuri. Kuna alfajiri moja ya mlima Wanale imepigwa vizuri kuliko chochote nilichoona mwaka huu, na hilo nimeliandika. Sauti ina matatizo, nimeyasamehe. Ubaya uko kwenye hadithi. Hadithi ile ni ya bibi yangu.

Bibi ndiye aliyenilea. Alibeba kahawa kichwani, usiku, mpaka Chepkube, ili baba yangu na ndugu zake wapate chumvi, sabuni na karo. Waliokuwa naye njiani hawakurudi wote. Nilimpeleka mchumba wangu kwa bibi mimi mwenyewe. Bibi alimsimulia yote, akamwonyesha na kovu la mguuni. Halafu kwenye filamu yule mwanamke amekuwa mlevi wa kuchekesha. Anaanguka na gunia, askari wanaanguka juu yake, kibanda kizima kinacheka. Wale ambao hawakurudi hawamo kabisa. Nilimuuliza, akasema watu wa siku hizi hawalipi kiingilio ili walie.

Ndiyo maana iko mkiani. Ningeiweka hapo hata angekuwa mtu nisiyemjua.

Mzee_wa_Bombo
Mimi nilikuwa na sare wakati ule. Sikutumwa mlimani, lakini waliotumwa niliwasikia wakirudi wakisimulia, na hawakuwa wakicheka. Wanawake ndio walioijua njia ile vizuri kuliko wanaume. Mwanangu, mimi nakusadiki. Nina swali moja. Bibi ameiona?

Mwana_Wanale
Hapana, mzee. Wataionyesha kijijini kwetu Jumapili, siku moja baada ya redio. Ameshamwambia shangazi amwekee kiti cha mbele.

Jicho_Kali
Mimi bado sijashawishika kwa asilimia zote. Lakini kama ni kweli, umetuuliza swali lisilo lenyewe. Redio inaweza kungoja. Yule bibi kukaa kiti cha mbele, kijiji kizima kinamcheka bila yeye kujua kinachokuja, hilo ndilo la kuzuia.

Mama_Pacha
Sikujua kuna bibi humu. Narudisha nyuma nililosema kuhusu kunyamaza. Lakini mwite kijana umwambie kwanza, uso kwa uso, mkiwa na bibi hapo hapo. Ndivyo wakwe wanavyotengenezwa.

Boda_wa_Arua
Na umwombe akate kile kipande kabla ya Jumapili. Kukata si kazi. Mtoto wa kaka yangu hukata video kwenye simu akiwa amekaa nyuma ya pikipiki yangu.

Kibanda_Kisenyi
Kukata tu hakutoshi, Boda. Ukiondoa ulevi, mwanamke anabaki na nini? Kama yule bwana ana akili, amrekodi bibi anasimulia kwa sauti yake mwenyewe, aiweke juu ya ile alfajiri ya Wanale. Hiyo ningeiandika ubaoni kwangu bila jina la VJ yeyote.

Mgeni_Mutukula
Hapo kaka umesema. Hata shemeji yangu angekubali.

Mwana_Wanale
Nimesoma yote. Nimempigia simu sasa hivi, nimemwambia aje kwa bibi kesho asubuhi na aje na kompyuta. Ameuliza kuna nini, nimesema atakikuta huko. Bibi ataiona kwanza, sebuleni kwake, na yeye ndiye atakayesema kama ionyeshwe Jumapili au isionyeshwe. Lile wazo la kurekodi sauti nitaliweka mezani, kaka wa Kisenyi, nitasema limetoka kwako.

Orodha siibadilishi. Akiitengeneza upya, nitaiangalia upya na nitaiandikia upya, mwaka ujao. Hii niliyoiona iko mkiani, na Jumamosi nitaeleza sababu yote, pamoja na ile alfajiri.

Chale_Busia
Na ng'ombe?

Mwana_Wanale
Ng'ombe waulizwe baada ya bibi.