Upepo wa kusi na kilomita mbili na nusu za mwisho

Kikundi cha familia, Jumapili jioni

Mjomba: Habari za jioni, wanangu. Asubuhi nilisimama hapa Mikindani, kwenye zile koni walizowekewa wapanda baiskeli wageukie, nikamwona mpwa wangu akipita ameinama juu ya usukani. Tangu hapo hakuna aliyenieleza ilikuwaje. Naomba mwenyewe aandike hapa kikundini, ili na Babu aliyeko Lindi asomewe.

Mimi: Shikamoo Mjomba, shikamoo Mama, shikamoo Babu. Mnisamehe kwa kuchelewa. Nilipofika nyumbani nilioga nikalala hadi alasiri. Namshukuru Mungu, nimemaliza. Nimetumia saa moja na dakika 39, na sikuteremka kwenye baiskeli mahali ambapo haikupasa kuteremka. Mjomba, nilikusikia uliponiita, lakini nilikuwa nageuka na sikuthubutu kuinua mkono.

Babu (anaandikiwa na Dada, mkubwa wangu): Marahaba, mjukuu wangu. Hongera sana. Mimi najua mbio za miguu na najua mashindano ya baiskeli, lakini haya ya kukimbia, kupanda baiskeli, kisha kushuka na kukimbia tena sijayaelewa. Kwa nini msimalize na baiskeli mkapumzika?

Mimi: Babu, mchezo wenyewe unaitwa duathloni, na utamu wake uko hapo hapo unapopauliza. Kukimbia kwa mwisho ndiko kunakoonyesha mtu aliitumiaje nguvu yake tangu mwanzo. Sisi hapa Mtwara tulishindana umbali mfupi: kukimbia kilomita 5, baiskeli kilomita 20, kisha kukimbia kilomita 2.5. Umbali wa kawaida ni mara mbili ya huo, yaani 10, 40 na 5. Kule Zofingen, Uswisi, kuna mashindano yaliyoanza mwaka 1989 ambayo watu hukimbia kilomita 10, wakapanda baiskeli kilomita 150 katika milima, halafu wakakimbia kilomita 30. Fikiria mtu atoke Mtwara kwa baiskeli, afike hapo ulipo Lindi, na bado awe na kilomita zaidi ya 40 za kupiga pedali kabla ya kuanza kukimbia.

Mama: Mwanangu, mimi nilichokuwa nacho moyoni ni barabara. Ile ya Mikindani ndiyo hiyo hiyo ya malori na mabasi ya Lindi na Dar es Salaam. Sikupata usingizi jana.

Mimi: Nakuelewa, Mama, na ndiyo maana nataka nieleze jambo la kofia. Tulianza saa moja kamili asubuhi, magari yakiwa machache, na kwenye makutano walisimama watu wenye bendera. Kanuni inasema kofia ngumu iwe imefungwa kidevuni kabla hujaigusa baiskeli, na isifunguliwe hadi uwe umeirudisha mahali pake. Ndani ya eneo la kubadilishia, pale unapotoka kwenye kukimbia kwenda kwenye baiskeli, hupandi. Unaisukuma mpaka uvuke mstari. Mimi nilipomaliza mbio za kwanza vidole vilikuwa vimelowa jasho, kifungo kikakataa kushika mara mbili. Nikaona wenzangu wanatoka, nikaishika baiskeli kamba ikiwa inaning'inia. Mwamuzi akanisimamisha kwa sauti ya upole kabisa, akaniambia niirudishe, nifunge, ndipo niondoke. Niliposikia kile kifungo kinalia "tak" nilikuwa nimepoteza karibu nusu dakika, na hakuna wa kumlaumu isipokuwa mimi. Alifanya haki, na ungekuwepo, Mama, ungemshukuru.

Mama: Namshukuru. Mungu ambariki huyo mwamuzi.

Mdogo wangu: Dada, hongera. Nilikuona unapita kona ya kwanza pale Shangani ukiwa mbele ya watu wengi, nikadhani utashika nafasi ya juu. Kulitokea nini baadaye?

Mimi: Hapo uliponiona ndipo nilipokosea, mdogo wangu. Mazoezini nilipanga kila kilomita niikimbie kwa dakika sita, lakini kilomita ya kwanza niliikimbia kwa dakika tano na sekunde kumi. Mapafu yalikuwa safi, watu wanashangilia, bahari iko pembeni, nikadhani siku hiyo mwili umebadilika. Kilomita 5 nilizimaliza kwa dakika 27, dakika tatu nzima kabla ya mpango wangu. Kwenda Mikindani nako kulikuwa kama kusukumwa mgongoni: dakika 22 tu. Penye mikorosho nilisikia harufu ya salfa waliyopuliza, na nakumbuka niliwaza kwamba baiskeli hii ya mtumba ina gia nzuri kuliko nilivyoisifia. Kumbe si gia. Ilikuwa kusi.

Mjomba: Ningekuambia, mpwa wangu, ungeniuliza. Mwezi wa saba kusi haliishi. Wavuvi wa hapa wakitaka kujua siku ilivyo huitazama minazi kabla hawajagusa tanga, na leo asubuhi makuti yote yalikuwa yamelalia upande mmoja. Ulipokuja kwangu upepo ulikuwa nyuma yako. Kurudi mjini ni kuukabili usoni.

Mimi: Ndivyo ilivyokuwa, Mjomba. Nilipozizunguka koni nilihisi kama mtu ameshika siti kwa nyuma. Kilomita zile zile 10 zilinichukua nusu saa kamili. Na katika mashindano yetu hairuhusiwi kujibanza nyuma ya gurudumu la mwenzako akukingie upepo. Kila mtu anabeba wake.

Dada: Naomba niongeze neno, kwa kuwa jambo hili nalifundisha darasani kila mwaka. Kasi ya hewa inayokupiga ikizidi mara mbili, nguvu inayokurudisha nyuma huzidi mara nne, wala si mbili. Kwa hiyo huyu mdogo wangu aliyeshindana leo alipolazimisha kurudi kwa kasi aliyoendea, alikuwa analipa bei kubwa mno kwa kila mita. Angeweka gia nyepesi, akainama, akakubali kwenda polepole.

Mimi: Ni kweli, Dada, na nilikubali nikiwa nimechelewa. Deni lilikuja kudaiwa niliposhuka. Mdogo wangu, nataka ulisikie hili kuliko yote niliyoandika. Kwenye baiskeli uzito wako umebebwa na siti, mapaja yanasukuma kwa mzunguko, kiuno kimekunjwa. Ukishuka, mwili unatakiwa usimame wima na ubebe uzito wote kwa kila hatua. Nilivua kofia, nikaanza kukimbia, na miguu haikuwa yangu. Magoti yalikuwa yanapanda kana kwamba bado yanatafuta pedali, hatua zikawa fupi, na mchanga ulioingia kwenye soksi asubuhi ukaanza kunichubua kisigino. Mama mmoja aliyekuwa na beseni la vitumbua alitembea sambamba nami kama hatua kumi, akasema, "Usisimame, mwanangu, miguu inarudi." Nikaendelea. Kiasi cha mita 800 mbele ikarudi kweli, nikaanza kupumua kwa mpango. Kilomita 2.5 zilinichukua dakika 17, na sijawahi kuzipenda kilomita kama nilivyozipenda zile za mwisho.

Babu (anaandikiwa na Dada): Sasa nimeelewa kwa nini hamwishii kwenye baiskeli.

Mdogo wangu: Dada, na mimi nataka kujiandikisha watakapoandaa tena. Mama, naomba ruhusa.

Mama: Mwulize mjomba wako. Mimi nitakubali atakalosema, ila kofia iwe ya kwake mwenyewe, isiwe ya kuazima.

Mjomba: Ruhusa natoa, lakini kwanza afanye mazoezi na dada yake miezi miwili, na lori likija ashuke pembeni. Kofia nitanunua mimi.

Mimi: Asante, Mjomba. Mdogo wangu, tutaanza Jumamosi saa kumi na mbili na nusu, kukiwa kumeshapambazuka. Tutapanda baiskeli kilomita 8 tu, tukianza kwa kuukabili upepo, na tukishuka tutakimbia kilomita moja papo hapo bila kukaa chini. Kesho niletee baiskeli yako tumpelekee fundi. Breki ya nyuma niliiona Ijumaa, haishiki.