Kasisi wa Virginia alipokeaje ratili 16,000 za tumbaku?

Msomaji77:
Wakuu, nisaidieni. Sheria ya 1696 ya Virginia, koloni la Uingereza huko Amerika, iliweka mshahara wa kasisi wa Kianglikana kuwa ratili 16,000 za tumbaku kwa mwaka (ratili ni karibu nusu kilo). Je, alipelekewa majani mlangoni? Na kwa nini wasimlipe shilingi tu?

Daftari la Kale:
Shilingi zenyewe zilikuwa wapi? Uingereza haikupeleka sarafu makoloni, na fedha kidogo iliyozunguka ilikuwa ya Kihispania. Tumbaku ilikuwa na mnunuzi London mwaka hadi mwaka. Baraza la kwanza la kutunga sheria la Virginia, lililokutana Jamestown 1619, liliipangia bei: shilingi 3 kwa ratili ya daraja la kwanza, peni 18 kwa la pili. Bei hiyo haikudumu, iliporomoka kabla ya muongo uliofuata kwisha. Hata faini zilitozwa kwa majani: kwa sheria ya 1624, aliyekosa ibada Jumapili moja bila udhuru alitoa ratili 1, na aliyekosa mwezi mzima ratili 50.

Mshahara ulikusanywa hivi. Halmashauri ya parokia, kwa kawaida watu 12 na wengi wao wenye mashamba makubwa, ilijumlisha gharama za mwaka: kasisi, matengenezo ya kanisa, matunzo ya maskini na yatima. Jumla iligawanywa kwa idadi ya vichwa vya kodi, yaani wanaume wa miaka 16 na zaidi pamoja na wanawake Waafrika wa umri huo. Parokia ikiwa na vichwa 800, mshahara peke yake ni ratili 20 kwa kila kichwa. Mtumwa alihesabiwa, lakini bwana wake ndiye aliyelipa, kwa tumbaku ambayo mtumwa huyohuyo aliilima.

Kitalu:
Niongeze upande wa shamba, maana ubishi wote ulianzia kwenye ubora wa jani. Mbegu ni ndogo kama vumbi, hivyo ilichanganywa na majivu na kusiwa kitaluni mwishoni mwa baridi, kisha ikafunikwa kwa matawi ili jalidi isiiue. Miche ilihamishwa Mei, siku ya mvua. Ukiihamisha kwenye udongo mkavu inanyauka. Baadaye kilele kilikatwa kabla ya ua ili nguvu ibaki kwenye majani machache. Mmea nao hujibu kwa machipukizi, ukiyang'oa leo yanarudi baada ya siku chache. Viwavi viliokotwa kwa mkono, jani kwa jani.

Mmea ulikatwa Agosti au Septemba na kuning'inizwa kwenye bani, yaani banda la kukaushia, wiki kadhaa. Ugumu uko hapa: jani hushushwa siku ya unyevunyevu, linapokunjika kama ngozi laini. Likiwa kavu mno linageuka unga mkononi. Likiwa bichi linashindiliwa vizuri kabisa, halafu linaoza ndani ya pipa katikati ya bahari.

Na mlipa kodi alimpa kasisi lipi? Lile baya, bila shaka: majani ya machipukizi, ya chini yaliyojaa mchanga, na takataka zilizofagiwa kwenye bani. Uzito ni uleule.

Daftari la Kale:
Ndiyo sababu Gavana William Gooch akapitisha sheria ya ukaguzi ya 1730. Kila pipa lilipelekwa ghala la umma, likafunguliwa, na majani mabovu yakachomwa moto. Mwenye mali alipewa hati. Hati za aina moja zilitaja pipa mahususi, alama na uzito wake. Za aina nyingine zilidai uzito tu, kutoka pipa lolote la ghala hilo, na ndizo zilizofaa kulipia kodi na madeni. Kwa hiyo jibu la swali lako, Msomaji77: baada ya hapo kasisi alipokea karatasi, akamuuzia mfanyabiashara. Pipa lilikaribia ratili 1,000, kwa hiyo mshahara wake ni kama mapipa 16.

Parokia hazikulingana hata hivyo. Ratili 16,000 za tumbaku tamu ya kando ya mto York zilikuwa na thamani kubwa kuliko uzito huohuo wa Oronoco, aina nyingine ya tumbaku, na makasisi walilijua hilo vizuri.

Msomaji77:
Nimeelewa, asante. Mavuno yakiharibika bei si inapanda? Hapo kasisi anatajirika?

Kitalu:
Angetajirika, ila walimzuia. Ukame wa 1758 ulipandisha bei hadi karibu peni 6 kwa ratili. Baraza la Virginia likaruhusu madeni ya tumbaku yalipwe kwa fedha, peni 2 kwa ratili, kwa mwaka mmoja. Piga hesabu, pauni moja ikiwa peni 240: badala ya pauni 400, kasisi anapata pauni 133 na shilingi kadhaa. Makasisi wakalalamika London, na 1759 mfalme wa Uingereza na baraza lake wakaitengua sheria hiyo.

Daftari la Kale:
Hapo wengi hukosea wanapoeleza kesi ya kasisi James Maury, aliyedai mshahara uliopunguzwa, katika mahakama ya Hanover, Virginia, 1763. Mahakama ilikwisha amua kwamba sheria ya peni mbili ni batili. Jopo la raia mahakamani liliitwa kukadiria fidia tu. Patrick Henry, wakili kijana ambaye baba yake ndiye aliyekuwa hakimu, alilihutubia jopo hilo kwa ukali juu ya mfalme na makasisi. Kwa hiyo usiandike kwamba Maury alishindwa. Alishinda, na fidia yake ikawa peni 1.