Miaka sita napimwa mimi tu, yeye eti "mzima"!

Wadau, niacheni niseme kabla sijapasuka.

Huu mwaka wa sita wa ndoa, hatujajaaliwa mtoto. Homoni nimepimwa mpaka nazijua kwa majina. Ultrasaundi sina hesabu. Nimepigwa na ile eksirei ya mirija, wanayopitisha dawa kwenye mlango wa kizazi waone kama imeziba. Aliyepitia anajua, mimi nilitoka mle nimeshika ukuta. Majibu: mirija iko wazi, mayai yanapevuka. Daktari akasema, "Sasa mwenzako aje."

Mwenzangu hajaenda mpaka leo.

Na kipimo chenyewe ni nini? Akae siku 2 hadi 7 bila tendo, ajifungie chumbani, atoe shahawa kwenye kikopo, basi. Hakuna sindano, hakuna wa kumchungulia. Nikimwambia anavimba: "Kwani usiku huwa huoni kama mimi ni mwanaume?" Jamani! Nani kawaambia nguvu za kiume ndizo mbegu? Hanithi ni mwingine, mgumba ni mwingine. Mtu anaweza kuwa simba kitandani na kwenye shahawa isionekane hata mbegu moja. Mishipa ya korodani ikivimba, matubwitubwi ya ukubwani, sigara, zile homoni za kujaza misuli, vyote vinaharibu. Na baadhi yanatibika, ndiyo maana naumia. Mbegu hutengenezwa kwa kama miezi 2 na nusu tu. Angepima mwaka wa kwanza, mbivu na mbichi tungeshazijua zamani.

Shirika la Afya Duniani lenyewe mwaka 2023 lilisema takriban mtu 1 kati ya 6 hukutana na ugumba maishani. Mtu, halikusema mke. Na karibu nusu ya kesi upande wa mwanaume umo. Lakini "tasa" ni mimi. Hilo neno sijawahi kulisikia likimwangukia mwanaume.

Mama mkwe angalau hunisema usoni. Wifi ndiye mbaya: mtoto wake akinikimbilia, anamwita arudi, taratibu, kwa sauti ya upole, kama nina ugonjwa wa kuambukiza. Sasa nasikia anamtafutia kaka yake mwingine "wajaribu". Wajaribu! Huyo binti wa watu mwakani ndiye atakayeshika ukuta.

Ila hao siwalilii. Namlilia huyu anayekaa pale akisikia yote, macho kwenye simu. Siku moja tu alifungua mdomo kunitetea, akasema: "Mwacheni, si kosa lake, ndivyo alivyoumbwa." Eti hapo kanitetea!

Tena hata ikaja kuonekana tatizo ni lake, tukaambiwa tupandikize mimba, sindano za kukuza mayai nitachomwa mimi, na mayai yatavunwa kwangu. Nimeshakubali. Yeye namwomba kikopo tu. Kimo kwenye droo tangu mwaka juzi, hata nailoni yake haijachanwa.

Msije hapa na "vumilia dada". Nataka waliofaulu kumfikisha mume maabara: mlimwambiaje?